Mshikio wa Kushoto

Jumatatu saa moja asubuhi Hadija alimimina maji ya mtungi kwenye beseni, akatia chumvi kidogo, akamwita mwanawe Hassani aje aloweke mkono. Malengelenge yalikuwa manne, yote kwenye kiganja cha kushoto, yamepangana kama mbegu za boga. Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Hassani alikaa kwenye kigoda, mkono mmoja ndani ya beseni, mwingine unachovya muhogo kwenye chai.

"Leo tena?" mama yake aliuliza.

"Hata sijaiwasha. Nimeitoa tu ndani."

Pikipiki ilikuwa mali ya Mbaruku, kaka yake Hadija, na Hassani alimwendeshea mjomba wake. Mzungu mmoja aliyekuwa akipima madini huko Ruangwa aliiacha alipokwenda kwao. Kwao mzungu kuna baridi, kwa hiyo mishikio ya usukani ilikuwa na nyaya ndani za kupasha mikono moto, na pembeni swichi ya hatua tatu: kidogo, wastani, sana. Nachingwea nani analilia joto? Swichi ilikuwa imekufa siku nyingi. Miaka miwili Hassani alibeba abiria na magunia, mishikio imepoa kama mpini wa jembe. Halafu mwezi wa sita, siku ya Jumapili, wa kushoto ukaanza kupata moto wenyewe.

Jumatatu hiyo walianza kwa fundi Eusebio, Nachingwea mjini. Eusebio alichomoa fyuzi. Mshikio ukapata moto. Akakata waya mwekundu, kisha mweusi, akafunga kila ncha kwa utepe, ukapata moto. Akatoa betri nzima akaiweka chini, ukapata moto. Mwisho akauvua mshikio wenyewe na kuvalisha raba mpya ya kawaida, isiyo na waya hata mmoja. Ule wa zamani ukapoa palepale kwenye benchi. Raba mpya ikapata moto.

"Pikipiki za wazungu zina mambo yake," Eusebio alisema, akaegemeza kikombe chake cha chai kwenye raba kisipoe. "Mama Hassani, nenda Ruangwa, kuna mwanamke anaitwa Koleta, anafunga nyaya za mitambo ya machimboni. Akishindwa yeye, basi zoeeni."

Kesho yake wakaenda Ruangwa. Hadija alikaa nyuma, upande upande, ameshika shati la mwanawe. Hassani alikuwa amezungushia mshikio kipande cha kanga. Hata hivyo kila baada ya mwendo fulani aliuachia, akauning'iniza mkono hewani, kisha akaurudisha. Hadija, ambaye akikaa bila kazi huwa na hofu, alihesabu nguzo za umeme. Hapakuwa na nguzo zaidi wala pungufu: mkono ulitoka kila baada ya umbali uleule.

Koleta alikuwa mwanamke mnene mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Testa ya kupimia umeme alikuwa nayo mfukoni, hakuitoa. Alishika mshikio, akatazama saa kwenye simu, hakuuachia mpaka moto ulipokuja mara ya pili.

"Moto wa betri unapanda, ukifika unakaa," alisema. "Huu unakuja, unabana, unaachia. Dakika tano kamili. Dada, umezaa wangapi?"

"Watano. Wamebaki wawili."

"Basi hebu shika na wewe."

Hadija akashika. Moto ulianzia mbali, ukapanda taratibu, ukabana mpaka akauma mdomo, ukaachia. Hakuhitaji saa.

"Uchungu," alisema.

"Uchungu," Koleta akakubali, kama anayekubali kwamba plagi ni chafu. "Nani alishika hapa?"

Hassani alikuwa anatazama tairi la mbele.

"Mke wa Mabula," alisema. "Hosiana."

Mabula ni mfugaji, alikuja na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa, akajenga ng'ambo ya bonde. Mwezi wa tano ng'ombe waliingia kwenye ufuta. Ukaisha wa Mbaruku, ukaisha wa Hadija. Ng'ombe wa nani, hakuna aliyejua, maana wafugaji wako wengi na kwato haziandikwi jina. Kijiwe cha bodaboda kikakaa kikao, Mbaruku akiwa mwenyekiti, kikapitisha kwamba ni marufuku kumbeba mfugaji au mtu wa mfugaji. "Si wapande ng'ombe!" mmoja alisema, watu wakacheka. Wakapiga kura kwa mikono. Hadija huuza chai na mihogo ya kukaanga pale kijiweni, na ufuta wake ulikuwa umeliwa. Aliweka birika chini, akanyoosha mkono na yeye. Mkono ukinyanyuka kikaoni haurudi mtupu, lakini hilo siku ile hakulijua.

Jumamosi iliyofuata, mwezi wa sita umeshaingia, Hosiana alikuja kijiweni kwa miguu, peke yake, Mabula yuko malishoni. Akashika usukani upande wa kushoto.

"Nilimwambia siruhusiwi," Hassani alisema. "Hakuachia. Kijiwe kizima kinatazama. Nikamfungua vidole, kimoja kimoja."

Hosiana akaendelea kwa miguu kuelekea hospitali, akafika kwenye mashamba ya mikorosho. Watu wa kwao walimkuta hapo adhuhuri, yeye na mtoto ambaye hakutoka, wote wameshapoa. Hadija alikuwepo kijiweni asubuhi ile. Anachokumbuka ni kwamba mafuta yalikuwa yamepata moto vizuri na mihogo haikushika chini.

Koleta alifuta mikono kwa tambara.

"Fyuzi ya hapo sina," alisema. "Rudini nayo."

Habari zilimfikia Mabula kama habari nyingine zinavyofika. Siku ya tatu saa kumi alikuja kijiweni, fimbo begani, akasimama upande wa kushoto wa pikipiki.

"Shikamoo, mayo," alimwambia Hadija; kwa Kisukuma mayo ni mama.

"Marahaba, baba."

"Nimeambiwa yuko hapa."

"Yuko," Hadija alisema.

Mabula akashika mpaka ulipoachia, akasubiri, akashika tena.

"Zimesogea," alisema. "Sasa ni dakika nne."

Akaenda kukamua. Tangu hapo alikuja kila siku saa ileile. Hakuna aliyemfukuza. Kikao kilikataza kubeba, hakikukataza kusimama.

Zikafika tatu. Zikafika mbili. Ngozi ya kiganja cha Hassani ikaanza kutoka kama ganda la kitunguu, na Hadija akawa haoni kingine mchana kutwa. Mtoto akiachia klachi mlimani, na gunia nyuma, na lori linakuja! Akaenda kwa kaka yake.

"Kaka, mtoto anaungua."

"Kama hawezi aseme," Mbaruku alisema. "Pikipiki ni yangu, na vijana wa kuendesha wamejaa hapo."

"Mwenye mkono ule alitaka kubebwa tu, kaka."

"Hilo lipeleke kwenye kikao. Mimi peke yangu siwezi kutengua la kikao."

Kikao kikawa Ijumaa baada ya swala. Njiani Hadija alirudia neno lake: naomba tufute lile katazo. Maneno manne. Aliyarudia kwenye kivuko, akayarudia alipokuwa anawasha moto wa chai. Mbaruku akampa nafasi. Akasimama, akawaona waendeshaji kumi na watatu, wote amewapikia chai, akamwona kaka yake, akamwona Hassani mkono umefungwa kitambaa.

"Naomba," alisema. "Naomba mtoto apewe glavu."

Mikono yote ikanyanyuka. Hata Hassani alinyanyua wake.

Glavu ilitoka Nachingwea, ya ngozi, ya wachomelea vyuma. Alhamisi moja moto ukaja na haukuachia tangu saa nne, na saa kumi, mkono wa Mabula ukiwa hapo, ukapoa ghafla, ukawa baridi kama jiwe la kisimani. Mabula alitazama kiganja chake, akakifuta kwenye shuka, akaondoka. Ijumaa asubuhi ukaanza upya, kutoka mbali, dakika ishirini kwa ishirini. Saa kumi akaja.

Mwezi wa saba asubuhi huwa na ubaridi. Waendeshaji wakazoea kupasha mikono kwenye mshikio ule, kwa zamu, kama wanavyopanga foleni ya abiria.

"Toa mkono, wewe, umeshaota vya kutosha."

"Subiri ubane kwanza. Saa hizi wa uvuguvugu tu."

Asubuhi moja kati ya hizo akatokea mkwe wa Shija, mfugaji mwingine wa ng'ambo ya bonde, tumbo la mimba limeshuka, kitita cha nguo kichwani. Hakuuliza bei wala hakuuliza nani wa kwanza kwenye foleni. Alisimama kidogo kwenye pikipiki ya Hassani, akaweka mkono kwenye mshikio, akangoja mpaka ulipoachia. Hassani alivaa glavu yake. Vijana wakakunja miguu apite kuelekea hospitali.

"Shikamoo, mama," alisema mbele ya meza ya chai.

"Marahaba, mwanangu," Hadija alijibu. "Njia njema."

Akageuza mihogo upande wa pili.