Gia ya Cherehani ya Mama

Habari za gia ya tatu zilinifikia nikiwa katikati ya kichwa cha mteja. Kaka aliniandikia kwenye simu maneno mawili tu: "Imeharibika tena." Nikatupa chanuo mezani, nikamwambia mteja anisubiri. Akaniuliza nitarudi saa ngapi. Nikamjibu nikishaua mtu. Alicheka, akidhani natania.

Mimi ni msusi, na watu husema wasusi tuna mdomo. Sawa, ninao. Kaka yangu mkubwa yeye ni mhasibu, na tangu utotoni tunamwita Milimita, kwa sababu hata mkate alikuwa akiupima kwa rula kabla hatujagawana. Kwenye banda nyuma ya nyumba yake amejiundia mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Si ya kazi, ni ya kujifurahisha. Wenzake mwisho wa wiki wanatazama mpira, yeye anachonga vibao vya milangoni na majina ya watoto wa watu. Sasa kwa mara ya kwanza alikuwa amepewa kazi yenye maana, na kazi ilikuwa inamshinda. Au alikuwa anataka imshinde. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma moyo.

Maana mambo yalikuwa hivi. Mama yetu ni fundi cherehani, na tangu baba afariki anaishi peke yake. Mwanzoni mwa mwaka aliteleza bafuni, akalala sakafuni mpaka jirani alipomsikia. Tangu siku hiyo kaka hana wimbo mwingine ila mama ahamie kwake. Wifi yangu akaandaa chumba, akatundika na mapazia. Mama akakataa katakata. Halafu, utadhani shetani alikuwa amejibanza nyuma ya mlango anasikiliza, gia ya cherehani ya mama ikapasuka. Ni ya plastiki, ya cherehani iliyoacha kutengenezwa zamani, na kila duka tulilokwenda walitutazama kama watu waliokuja kuulizia meno ya babu yao. Mama alituita sote wawili, akatukalisha.

"Sikilizeni," alisema. "Cherehani ikishona, nabaki kwangu. Isiposhona, nitahamia kwa huyu nikakae nihesabu mbu. Nimemaliza. Asinisumbue mtu tena."

Na wa kuitengeneza hiyo gia ni nani? Huyo huyo anayetaka ahame. Fisi kapewa bucha. Gia ya kwanza ikaharibika, nikasema bahati mbaya. Ya pili, nikanyamaza. Ya tatu, jamani, hata mjinga ana siku yake ya kuerevuka.

Nilimkuta bandani amepiga magoti mbele ya mashine, bisibisi mdomoni. Hodi sikupiga.

"Iko wapi?" nikamuuliza.

"Shikamoo kwanza," alisema, bila kugeuka.

"Shikamoo watakupa wenye adabu. Gia iko wapi?"

Alinipa. Kiduara cha shaba, chepesi, kinang'aa, ukikitazama kwa mbali unaweza kukivaa shingoni. Ukikisogeza machoni ndipo unaona madudu. Jino moja nene, linalofuata jembamba, la tatu limepinda kama limeota kwenye kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Cherehani haitaki mzaha huo. Meno yakikosana, sindano inashuka kabla uzi wa chini haujafika, na hapo hushoni, unatoboa kitambaa tu.

"Hii ni gia au ni kisosi cha mbwa?" nikamuuliza.

"Njoo uone." Alinishika mkono, akauweka kwenye kichwa cha mashine, ile sehemu inayozunguka na kushika shaba wakati inachongwa. "Tikisa."

Nikatikisa. Kilicheza. Kidogo sana, lakini kilicheza, na kilitoa mlio mdogo wa kugonga.

"Humo ndani kuna skrubu inayozungusha gurudumu la meno," alisema. "Kati yao kuna nafasi. Hata unywele haupiti. Lakini kisu kikishaigusa shaba, shaba nayo inacheza ndani ya hiyo nafasi. Ndiyo pleyi. Kama ya usukani wa gari bovu."

"Na umeijua lini hiyo pleyi?"

Akajifanya anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

"Milimita. Umeijua lini?"

"Tangu gia ya kwanza."

Hapo nilimpa za uso. Sitaziandika zote, mama yetu bado yu hai na ni mama yake pia. Nilimwambia mtu anayepima mkate kwa rula hawezi kunidanganya kwamba ameshindwa na nafasi ya unywele. Nilimwambia amekaa anasubiri shaba iishe ili amchukue mama kama begi. Wifi alichungulia dirishani na birika la chai, akaona hali, akarudi na birika lake.

"Nilikuwa naiambia kompyuta ifidie," kaka alisema nilipoishiwa pumzi. "Kama imelegea kiasi fulani, izidishe kiasi hicho hicho."

"Kompyuta ina mikono? Mtoto akitikisa kichwa nikimsuka, huwa namwandikia barua? Nambana kichwa kwa magoti!"

"Ndiyo maana nimefunga hii," alisema, akaonyesha kwa bisibisi.

Nyuma ya kile kichwa alikuwa ameweka diski ya breki ya baiskeli, na kishikio chake, na mkono wake wa breki kama ulivyokuwa kwenye usukani. Baiskeli yenyewe, ya binti yake, ilikuwa imeegemea ukutani haina gurudumu la mbele.

"Ukibana, inakufa hapo hapo, haichezi tena," alisema. "Ila inataka mtu wa kubana na kuachia kila jino. Mimi niko kwenye kompyuta. Nilikuwa nakuandikia uje unisaidie."

"Uliniandikia imeharibika!"

"Nilikuwa bado naandika."

Mtu kama huyu utamfanya nini? Nikavua bangili, nikakaa kwenye kigoda.

Shaba ilikuwa imebaki kipande kimoja. Kabla ya kuanza alisogeza ile skrubu ikalibana gurudumu lake zaidi, akazungusha, ikakwama upande mmoja, akailegeza tena kidogo, akazungusha, akasikiliza. Alifanya hivyo mpaka nikataka kulia. Kisha akachora alama ya wino mwekundu ukingoni mwa shaba, akanieleza utaratibu. Akisema "fungua", naachia. Yeye anazungusha mpaka jino linalofuata, siku zote kwa kuja kutoka upande ule ule mmoja, ili ulegevu wote ubaki nyuma. Akisimamisha, nabana, nasema "imefungwa", ndipo anashusha kisu.

"Usiseme imefungwa kama haijafungwa," alinionya.

"Mimi si wewe," nikamjibu.

Tukaanza. Kisu kililia, vumbi la shaba likaruka, jino la kwanza likatoka limesimama. Fungua. Imefungwa. La pili. Mkono ulianza kuniuma, lakini mkono wa msusi umezoea maumivu, na meno yalikuwa yanatoka sawasawa, yamejipanga kama watoto wa shule mstarini. Niliyaona mazuri, na badala ya kufurahi hasira zikanipanda upya. Kumbe inawezekana! Kumbe wakati wote huu iliwezekana!

"Kama unaweza leo, mbona hukuweza siku zile?" nikamwambia.

"Fungua."

"Sema. Mama amekaa wiki nzima anaitazama cherehani kama maiti, na wewe una breki ya baiskeli ukutani!"

"Tusiongee tukifanya kazi."

"Utaongea! Umeshamtandikia kitanda, eti? Umemwuliza anataka kulala upande gani? Wewe unataka mtu wa kukaa sebuleni uwaonyeshe wageni unavyomtunza mama yako!"

Mota ilikoroma, sauti nzito kama ya mtu anayesukuma mlango uliofungwa. Mimi sikuisikia, nilikuwa nasikia maneno yangu matamu. Kisha ikanyamaza, na mimi kwa mazoea nikasema, "Imefungwa."

Ilikuwa imefungwa kweli. Sikuwa nimeifungua.

Kisu kikaanza kushuka. Kompyuta iliamini shaba imezunguka, kwa sababu kompyuta huamini ilichoamuru. Kaka alikuwa anatazama ile alama nyekundu, ambayo ilikuwa imesogea nusu tu ya ilipotakiwa kufika. Alikirukia kile kitufe kikubwa cha kuzima, akakipiga kwa kiganja. Kisu kilisimama juu kidogo ya jino zuri lililokwisha kuchongwa. Usingepitisha karatasi.

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa umeng'ang'ania breki mpaka vidole vimepauka. Nilitaka afoke. Nilimwomba Mungu afoke, nipate cha kumjibu.

"Achia polepole," alisema tu.

Alizima umeme wa mota, akashusha kisu kwa mkono hadi kwenye pengo la mwisho tulilokata, akaizungusha shaba kwa vidole, mbele, nyuma, mpaka kisu kikakaa katikati bila kugusa pande zote mbili. "Bana," akasema. Nikabana. Akaiambia kompyuta ianze kuhesabu upya kutoka pale. Meno yaliyobaki tuliyakata bila neno lingine zaidi ya yale mawili, na kila niliposema imefungwa nilikuwa nimeangalia kwanza.

Tulikwenda kwa mama jioni ile ile. Aliipokea gia, akaizungusha karibu na macho, akatia mafuta, akaifunga mwenyewe kwa bisibisi yake, akatukataza kumsaidia. Akaweka kitambaa chakavu, akakanyaga. Cherehani ikalia. Mshono ukatoka mrefu, umenyooka, na mama akaupitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Sihami," alisema.

"Najua, mama," kaka akajibu, akatoka nje.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama kando ya gari, funguo mkononi, haingii. Naapa nilimfuata ili nimshukuru.

"Ya pili," alisema kabla sijafungua mdomo.

"Ya pili nini?"

"Gia ya pili ilikuwa inatoka vizuri. Nilikuwa nimeibana skrubu, nabana na breki mwenyewe, nakwenda na kurudi kwenye kompyuta. Nikaona itakubali. Nikailegeza skrubu, nikaachia breki, nikakaa nikatazama inavyoharibika."

Nilimpiga kofi. La shavuni, mtu mzima, baba wa watoto, barabarani. Hakukwepa.

"Na leo?" nilimuuliza. "Si ungeacha tu kisu kishuke? Shaba ilikuwa ya mwisho. Mkono ulikuwa wangu, hakuna ambaye angekulaumu!"

"Ndiyo hiyo. Mkono ulikuwa wako." Alijishika shavu. "Mama angehama, na wewe ungeishi ukijua ni wewe uliyemhamisha. Hatia yangu naiweza. Hiyo yako nisingeiweza."

Nilikuwa nimeuinua mkono kwa kofi la pili. Ukabaki hapo juu, haujui uende wapi.

"Unafikiri namtaka awe pambo la sebuleni," alisema. "Siku ile alipoteleza, daktari alisema angekaa pale chini mpaka asubuhi kama jirani asingekuwepo. Jirani anahama mwezi ujao. Haya, mmeshinda. Akianguka tena, nani atamsikia?"

Kelele zote nilizopiga, na hilo sikuwahi kujiuliza hata mara moja. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia nafsi yangu, nikakikasirikia na chumba changu cha kupanga kule nyuma ya saluni, chenye kitanda kimoja na kioo kimoja, ninachokisifia kila siku kwamba ndio uhuru wangu.

"Mimi," nilimwambia, bado nimefura. "Nitamsikia mimi. Washa gari, twende ukanibebee kitanda."