Nyasi Iliyomeza Ndama

"Haki ya Mungu aliye juu, nikidanganya nife nikiwa nimekaa," Mzee Kibii aliapa, kisha akajikalisha vizuri zaidi kitini. "Kila neno ni kweli tupu. Huyo ndama nilimwona kwa macho haya mawili."

Waliomsikiliza pale barazani kwake Lanet walikuwa wawili: mkewe Jepkemei, na Naftaly, jirani wa upande wa pili wa ua. Miguuni pa Naftaly palikuwa na gunia la nyasi ya Pemba, vipande vimeng'olewa asubuhi hiyo, mizizi bado na udongo. Alikuwa amewaletea bure. Baada ya wiki tano watu wa kijana Kipchirchir wangekuja kumposa Jebet, kifungua mimba wa Kibii na Jepkemei, na Jepkemei alitaka uwanja wa mbele, uliokuwa magugu na vumbi, uwe zulia la kijani la kukalisha wageni.

Mzee hakutaka. Nyasi ya Pemba ikishashika, mvua ikinyesha, inataka kukatwa kila mara, na slasha pale nyumbani ilikuwa moja, na mgongo wa kuinamia hiyo slasha ulikuwa wake. Yeye alitaka minyaa ya mapambo, ile isiyo na majani, vidole vyembamba vimesimama, ncha zimewaka nyekundu kama makaa. Mnyaa haukatwi, hauombi maji, haukusumbui. Unausimamisha, unarudi kwenye kiti chako.

Lakini mambo ya kiti humwambii Jepkemei. Ndiyo maana akasimulia habari ya Longonot.

"Nilipokuwa nikifanya kazi ya reli pale Longonot," alisema, sauti ameishusha, "kulikuwa na mtu alipanda nyasi kama hii. Kila jioni anainyunyizia maji. Ikawa nzuri, nene, unakanyaga unasikia raha. Sasa, mama, udongo wetu wa bonde hili unaujua. Ni jivu. Maji yakaenda chini, yakala jivu polepole, na nyasi juu imeshikana tu, kama shuka iliyotandikwa juu ya kisima. Siku moja ndama akaingia kulisha. Nikaona nyasi inabonyea chini yake, polepole, kama godoro. Ndama hakulia. Aliniangalia tu. Kisha nyasi ikarudi juu, ikajinyoosha. Ukitazama, hakuna hata unyasi mmoja umevunjika."

Jepkemei aliweka kikombe chini. Mwaka uliopita mvua kubwa ilikuwa imepasua shamba la mtu mmoja wa kanisani kwao, ufa wa kuingia mbuzi. Alikuwa ameuona.

"Na mnyaa je?" aliuliza.

"Mnyaa haudanganyi. Ardhi ikiwa tupu chini, unainama. Unakuonyesha shimo liliko, kwa kidole."

Naftaly alibeba gunia lake akaenda nalo. Langoni aligeuka. "Mzee, huyo ndama alikuwa wa rangi gani?"

"Mwekundu, na baka jeupe usoni," Kibii akajibu bila kupepesa.

Wiki hiyo hiyo Mzee Kibii alinunua matawi kumi na mawili ya mnyaa kwa mwuza miche wa kando ya barabara, mama mmoja aitwaye Nerima. "Mzee, yamekatwa leo, bado yanatoa maziwa," Nerima alimwonya. "Yaache kivulini wiki nzima kidonda kikauke, ndipo upande. Na maji, sahau." Kibii aliyapanda jioni ile ile. Kwanza alilima uwanja mzima kwa jembe, akang'oa kila unyasi na kila gugu, akamwaga kokoto juu, ili wazo la nyasi lisirudi tena. Na kwa kuwa alitaka minyaa inenepe kabla ya wageni, kila alfajiri, Jepkemei akiwa bado amelala, alitoka na mtungi akainywesha hadi kokoto zikameta.

Siku ya kumi na tano, mnyaa wa kwanza uliinama.

Kibii aliuona akiwa na chai mkononi. Uliinama kidogo tu, kama mtu anayetega sikio. Aliunyoosha, akaukandamizia udongo. Kesho yake ilikuwa mitatu. Upepo wa alasiri ukapita kama kawaida, na kufikia Ijumaa yote kumi na miwili ilikuwa imelala upande mmoja, ncha nyekundu zinaelekea dirisha la chumba cha Jebet.

Alijua kwamba ile hadithi aliitunga mwenyewe. Alijua hata ndama alimtoa wapi: alikuwa ni ndama wa picha kwenye kalenda. Lakini alipopita kwenye kokoto, alihisi zinatoa mlio ambao hazikuutoa jana, mlio wa kitu chenye nafasi chini yake. Akaanza kupita kwa kuzunguka, amejibana ukutani. Jioni alimwambia Jebet ahamie chumba cha nyuma.

"Kwa nini, baba?"

"Hicho cha mbele kina baridi."

Jebet alitazama minyaa dirishani, akamtazama baba yake, akachukua blanketi lake akahama. Hilo lilimwuma Kibii kuliko kama angebisha.

Jepkemei hakuzunguka maneno. Alimpigia simu Mzee Kosgei, baba yake Kipchirchir, akamweleza jinsi minyaa ilivyoinama, maana huwezi kukalisha wakwe juu ya shimo. Jibu lilikuja taratibu, na simu ilikuwa imefunguliwa sauti ili wote wasikie: "Ardhi ya nyumba ikikataa, watu wasibishane nayo. Tutakuja Jumamosi tuangalie. Ikiwa ni kweli, haya mambo ya watoto tuyaache."

Jebet aliinuka akaenda jikoni. Walisikia bomba limefunguliwa, maji yanatiririka muda mrefu, na hakuna sufuria iliyooshwa.

Hapo Kibii angesema ukweli. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini je, na kama ni kweli? Kama maneno yake yameenda chini yakachimba?

Jumamosi Mzee Kosgei alifika na wazee wawili, wakasimama nje ya lango, hawakuingia. Naftaly alitokea kwake amebeba mtaimbo begani.

"Mzee Kibii, sogea."

"Naftaly, usipige hapo!" Sauti ya Kibii ilipasuka. "Nakuomba, jirani. Itafunguka!"

Naftaly aliinua mtaimbo akaushusha kwa nguvu zake zote. Ngo! Ulirudi juu. Akasogea hatua mbili. Ngo! Mwamba mtupu chini ya udongo haba. Akapiga uwanja mzima hadi chini ya dirisha la Jebet, na kila mahali ardhi ilimjibu kwa ukali ule ule. Kisha akashika mnyaa mmoja akauvuta. Ulitoka bila ubishi, shina limekuwa uji mweusi, na harufu ikawafikia wazee langoni.

"Umeoza," Naftaly alisema. "Umezamishwa maji. Nani amekuwa akinywesha mnyaa?"

Jepkemei alienda nyuma ya tangi akarudi na mtungi wenye matope ya kokoto mdomoni. Aliuweka mbele ya mumewe. "Baba Jebet. Longonot ulifanya kazi mwaka gani?"

Kibii alitazama viatu vyake. "Nilipita tu," alisema. "Kwa treni."

"Na ndama?"

"Treni ilikuwa inaenda mbio."

Mmoja wa wazee alikohoa, na hakikuwa kikohozi. Lakini Kosgei hakucheka. "Umetisha mtoto wako mwenyewe," alisema. "Karibu utuvunjie nyumba ambayo haijajengwa. Kwetu, mtu aliyekosea hushika nyasi mkononi ndipo aseme. Mkono mtupu siusikilizi."

Kibii aligeuka. Kokoto. Ukuta. Kokoto. Hakukuwa na unyasi hata wa kuchokolea meno. Alikuwa ameung'oa wote kwa mikono yake. Jebet alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

Mzee alienda hadi kwenye ua, akatazama nyasi ya Naftaly upande wa pili. "Jirani," alisema. "Niokoe kwa nyasi kidogo."

"Hii yangu?" Naftaly alishangaa kwa sauti ya kusikika barabarani. "Hii inayomeza ndama?"

"Hiyo hiyo."

"Nitakupa ya mkononi, na nitakupa gunia. Ya gunia utaipanda mwenyewe, leo, mbele yetu. Na ikimea, slasha yako itakata kwako na kwangu, hadi Jebet aolewe."

Kibii aliitikia kwa kichwa. Alishika nyasi mbichi kwa mikono yote miwili, akaenda langoni, akasema yote, na mwuza miche na kalenda pia. Kosgei alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua lango mwenyewe, akaingia, akaomba kiti.

Wazee walikunywa chai. Jebet aliwamiminia, na alipompita baba yake aliyepiga magoti, alimwachia kikombe kando, kwenye kivuli. Kibii alisogeza kokoto, akachimba, akafukia, kipande baada ya kipande. Alipofika chini ya dirisha aliinua ngumi, akagonga ardhi mara mbili, akainamisha sikio.

"Baba Jebet," Jepkemei aliita kutoka barazani, "gunia bado limejaa."