Sanduku la Saba la Akina Thaxter

Imogene Battle alikuwa na tabia ya wasomi wengi wa nyaraka: kitu kitamu alikiweka mwisho. Alipopata ufadhili wa utafiti wa mwezi mmoja kwenye maktaba ya Harrow Point, pwani ya Massachusetts, alianza na sanduku la kwanza la karatasi za akina Thaxter, ukoo wa zamani wa manahodha na wafanyabiashara, akaenda kwa mfuatano, penseli mkononi, akisoma risiti za chumvi na mbao hadi macho yakamuwasha. La saba, lenye barua za mke wa nahodha mmoja wa ukoo huo, hakuligusa. Alitaka kulifungua akiwa ameshaijua nyumba ile chumba kwa chumba.

"Wewe ni wa kubakiza nyama pembeni ya sahani," Corwin, mtafiti mwenzake aliyekaa naye nyumba ya wageni, alimtania. "Ipo siku paka atakupitia."

"Paka gani aingie humu? Hata kalamu ya wino imepigwa marufuku."

Alicheka, ingawa hali yake haikuwa ya kuchekesha. Chuo chake huko Ohio kilishamwambia waziwazi: kitabu kitoke, la sivyo mkataba umeisha. Na kitabu kizima kilimwegemea mwanamke mmoja, Violet, mtumwa wa karne ya kumi na nane ambaye akina Thaxter walijisifu kwamba walimwacha huru. Imogene aliamini walimuuza kimyakimya visiwani, kusini, kwenye mashamba ya miwa. Ushahidi, kama ulikuwepo, ulikuwa ndani ya sanduku la saba.

Kila aliyepewa ufadhili hutakiwa azungumze mbele ya wageni saa ya chakula cha mchana. Zamu yake ilifika juma la tatu. Ukumbi ulijaa wazee wa mji, kila mmoja na sandwichi yake kwenye mfuko wa karatasi. Angeweza kuzungumzia chumvi na mbao akashuka salama. Lakini watu walianza kusinzia, na hilo mtafiti halivumilii. Akawasimulia habari za Violet. Akawaambia anatarajia kukuta nini, na wapi. Wakaamka, wakampigia makofi, naye akafurahi kama mjinga.

Mdomo uliponza kichwa. Jumatatu alipoomba sanduku la saba, Russell Pike, msimamizi wa chumba cha kusomea, alirudi mikono mitupu.

"Yanaondoka leo, yote. Familia imekuja kuyachukua."

"Kuyachukua vipi? Si mali ya maktaba?"

"Yaliwekwa kwetu kama amana tu, dada. Wakiyataka tunawapa. Miaka yote hii hakuna aliyeyataka."

Imogene alitoka bila koti. Uani, kwenye manyunyu, bibi mmoja mwembamba alikuwa amesimama kando ya gari akitazama masanduku yakipakiwa. Imogene alimkumbuka. Siku ile alikaa safu ya mbele, na ndiye aliyetangulia kupiga makofi.

"Mama Thaxter, nakuomba. Moja tu. Nitalisoma hapahapa garini, huku unaniangalia."

"Ulizungumza vizuri sana, binti yangu," bibi alisema, wala haikuwa kejeli. "Kama si wewe, nisingejua tuna nini humu."

"Sitaki kuwachafua, mama. Nataka kujua alipelekwa wapi."

"Hata mimi nataka kujua." Bibi akaufunga mlango wa nyuma. "Ila nitasoma mwenyewe kwanza."

"Halafu?"

Bibi alimsogelea. Alimshika mkono kidogo, kama mtu anayempa pole mfiwa, akaingia garini.

Gari liliondoka taratibu kwa sababu ya mvua. Imogene alibaki pale akilia, hakujali nani anamwona. Kwa majuma matatu angeweza kulipata sanduku lile kwa kuomba tu. Sasa Violet alikuwa tena mikononi mwa akina Thaxter, na aliyemkabidhi kwao ni yeye.