Maneno ya Yozefu

Adolphine alikuwa anakata kitenge cha mteja katika chumba chake cha kushonea, pale Nyawera, shemeji yake Constantin alipoingia amevaa suti. Nyuma yake alikuwapo katekista Jean-de-Dieu, Biblia kwapani.

Constantin alikuwa mdogo wa marehemu mume wake. Waliporudi kutoka makaburini, alibadilisha kufuli ya nyumba yao ya mtaa wa Cimpunda, akasema ile ni mali ya ukoo, mwanamke arudi kwao. Adolphine akapanga kibanda cha mbao chini ya mteremko. Mvua za mwaka uleule, udongo uliporomoka alfajiri. Yeye walimfukua mzima. Malaika, binti yake aliyekuwa bado ananyonya, walimtoa amekwisha kufa. Tangu hapo Constantin hakuwahi kuja kumwona.

"Maman Adolphine," alianza, "Déborah wangu anaolewa. Wakwe wanauliza juu ya nini muke wa kaka yangu hakai na familia. Nimekuja tupatane."

Katekista alitaka kusema kitu, lakini Constantin alimtangulia.

"Ukumbuke Yozefu. Ndugu zake walimuuzisha, kumbe ilikuwa mupango wa Mungu. Mabaya ya watu, Mungu anageuza kuwa mazuri. Ujiangalie wewe: kama ungebaki mu ile nyumba, ungekuwa na hii atelier ya kushona?"

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Katekista, ile maneno alisema nani? Yozefu ao ndugu zake?"

"Yozefu," alijibu Jean-de-Dieu.

"Na ndugu zake walisema nini?"

"Waliomba musamaha. Walianguka chini mbele yake."

"Basi huyu anasemea Yozefu kwa nini? Mimi ndiye nilitupwa mu shimo."

Constantin hakutahayari. "Lakini wewe mwenyewe ulisema! Ku kikundi cha sala, wakati wa ushuhuda. Nilikuwa nyuma kabisa, nikakusikia. Ulisema Mungu alikutoa mu nyumba ili akuinue. Watu wakapiga makofi."

Ni kweli, alisema. Siku ile alikuwa ametoka kununua mashine ya pili, moyo umejaa, na ushuhuda ulimtoka umenyooka kwa sababu Malaika hakumtaja. Alijaribu, akaona hapana pa kumtajia. Kwani kama Mungu aliitaka atelier, basi na udongo aliutaka, na yeye na Constantin walikuwa na shauri moja. Hilo nani angelisema mbele ya watu?

"Papa Constantin, piga magoti," katekista alisema polepole.

Akapiga magoti, suti na yote, juu ya vipande vya vitambaa. "Unisamehe. Nilikufukuza juu ya tamaa. Unisamehe na kwa ajili ya Malaika."

Jina alilikumbuka. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya kuigiza. Adolphine alingoja kifua chake mwenyewe kilegee. Kwa miaka mingi alikuwa ameyasubiri maneno hayo, na sasa yamefika, hayakumfanya lolote.

"Nimesikia," alisema. "Nitakuja ku ndoa."

Constantin aliinuka akimshukuru Mungu kwa sauti, akatoka mbiombio kuwapigia wakwe simu. Katekista alibaki mlangoni.

"Umefanya muzuri, maman. Mungu ndiye anatawala yote. Ao hauamini tena?"

"Naamini. Kama singeamini, ningekasirikia mvua tu, na huyu Constantin. Sasa namukasirikia Yeye."

Jean-de-Dieu alifungua Biblia, akapekua mbele, akapekua nyuma, akaifunga. Akasema hata Yobu alilalamika.

"Yobu alijibiwa," Adolphine alisema. "Hata kama ni kwa kufokewa."

Siku ya ndoa walimkalisha mstari wa mbele, wakampiga picha katikati ya Constantin na bibi arusi. Padri alipohubiri kwamba Mungu hupanga yote kwa wema, kanisa zima likaitikia amina. Adolphine alifunga mdomo. Constantin, aliyekuwa pembeni yake, aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.