Karavani Iliyojibu Hodi

Hutaamini hii, lakini ilifanyikia wazazi wangu huku Ruiru, mwaka wa tisini na sita. Landlord alikuwa amewapea mpaka Jumamosi watoke kwa nyumba, na hawakuwa na pa kwenda ila karavani ya zamani, nyumba ya kuvutwa na gari, yenye buda wangu, Odhiambo, alipewa na mzee Uthman wa Gatuanyaga. Uthman alikuwa ameifanya nyumba ya kuku, lakini kuku walikataa kulala ndani.

Ilikuwa na shape ya yai na milango mbili zinaangaliana. Buda ni fundi wa bodi za magari, na hata yeye hakujua ni ya kampuni gani. Alikwangua rangi akapata kibati, jina imefutika. Akaanza kugonga ukuta na nyundo polepole, asikie mbao gani zimeoza.

Mathe wangu, Jentrix, akamcheka. "Odhis, unagongea watu nyumba bila hodi?"

"Haya, hodi," buda akasema, akagonga tena.

"Karibuni," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, polepole. "Ingieni nyote watatu."

Wakafungua. Ndani kulikuwa na manyoya ya kuku tu. Na wao walikuwa wawili. Mathe alikuwa hajajua bado, lakini wa tatu ni mimi.

Wiki hiyo buda alibadilisha mbao zote akizikaza na screw, kwa sababu hakutaka kugonga tena. Jumamosi ikafika, landlord akaweka kufuli, mvua ikaanza. Buda akabeba godoro mpaka kwa karavani, na kabla aguse mlango, ukafunguliwa kutoka ndani.

Waliingia. Wewe ungeingia?