Magunia Kumi na Manne ya Malezi

Miaka mitatu Zita Mwanisenga aliandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya Dar es Salaam, na siku aliyopunguzwa kazini alitoka na kikombe chake cha chai na karatasi moja. Karatasi ilisema hivi: asionyeshe alichoandika, asimtaje mteja, wala asikiri wala asikane kwamba mfumo wowote ni kazi ya mikono yake. Milele. Wafipa wa zamani, babu zetu, waliyeyusha chuma, na tanuru zao za udongo bado zimesimama porini. Hakuna bwana aliyewazuia kusema hii nimejenga mimi. Ilibidi tusome kwanza, tuvae viatu, ndipo tukafungwa midomo kwa sahihi zetu wenyewe.

Sasa alikuwa Sumbawanga, kwenye ghala la nafaka lililotangaza nafasi ya mtu wa mifumo. Nyingine kama hiyo mjini haikuwapo. Ikimponyoka, Jumatatu anakwenda Kirando kwa shangazi yake Bertilla, akaanike dagaa.

"Shikamoo mama," alimwamkia Cornelia, karani wa mapokezi ya mazao.

"Marahaba mwanangu. Kaa, huyu haumi."

Asiyeuma alikuwa meneja, Flavian, aliyekuwa akiupekua wasifu wake kama anayetafuta wadudu kwenye mahindi.

"Umeandika hapa miaka mitatu ya kutengeneza mifumo. Mifumo gani?"

"Siruhusiwi kuitaja."

"Ya nani?"

"Naye siruhusiwi kumtaja."

"Binti, hata mganga huonyesha tunguri."

Zita akafungua laptopu, akawaonyesha alichotengeneza nyumbani Kasense kwa ajili ya siku hii: programu ya mahudhurio ya kwaya. Ilifanya kazi vizuri. Aliyekosa mazoezi mara tatu jina lake lilitokea jekundu.

"Sisi tuna tani, wewe unatuletea soprano," alisema Flavian. Akamgeuzia kioo cha kompyuta ya Cornelia. "Kazi ya watu wazima ni hii. Imetoka Dar."

Zita aliitambua kabla hajasoma neno. Kila kisanduku pale alikipanga yeye.

"Ila haitaki ulezi," Cornelia akalalamika. "Msimu wa pili huu. Naandika ulezi, inasema zao hilo halipo. Nauingiza kwenye Mengineyo, wakulima wanadhani nawaibia."

Sababu Zita aliijua papo hapo. Orodha ya mazao aliiandika kwa sikio la jikoni kwa mama yake, ambako ulezi kwa Kifipa ni amalesi. Akaondoa herufi huku, akabadili nyingine kule, akaona amepata Kiswahili safi. Huko Dar hakuna aliyeshtuka. Nani kule anajali tunachokula?

Alipaswa kunyamaza. Lakini kosa lilikuwa lake, na mama wa watu alikuwa akiitwa mwizi kwa sababu yake.

"Mama, jaribu kuandika malezi."

Cornelia akaandika, kwa mzigo wa mkulima aliyeleta ulezi asubuhi ile. Mashine ikakohoa, ikatema stakabadhi.

"Magunia kumi na manne ya malezi," akasoma, akacheka mpaka akafuta macho. "Huyu mkulima wanawe lazima wana adabu." Kisha kicheko kikamwishia. "Meneja, aliyeandika hivi kanyonya kwetu. Mtu wa Dar hawezi kukosea hivi."

Wote wawili wakamtazama Zita.

"Ni wewe?" aliuliza Flavian.

Neno moja tu lilitakiwa. Ndilo hasa karatasi ile ililomkataza.

"Nimebahatisha."

"Misimu miwili sisi hatujabahatisha, wewe mara moja tu? Anayejua ya ndani ya mfumo huu ama ameutengeneza ama ameuchungulia. Kama umeutengeneza, sema."

Zita alitazama mikono yake.

"Basi umeuchungulia."

"Sijachungulia, mzee."

"Mwanangu, sema tu," Cornelia alinong'ona. "Nani atajua?"

"Hatuna haja ya kugombana," Flavian alisema, naye hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lilitisha. "Nitawaandikia wenye mfumo. Nitawauliza kama wanamjua mtu mwenye jina lako anayejua siri zao."

"Naomba usiwaandikie."

Lilimtoka haraka kuliko alivyotaka, na aliuona uso wa meneja ukijifunga. Wangejibu hatumjui, naye awe mwizi. Au wangejibu tunamjua, amevunja mkataba. Jibu la tatu halikuwapo, na wao ndio waliohakikisha halipo.

"Mwenye haki haogopi barua." Flavian alivuta kibodi. Cornelia alikuwa ameanza kupanga stakabadhi zilizokwisha kupangwa. "Jina la kati?"

"Theodory."

Flavian aliandika kwa vidole viwili, polepole.

"Mwishoni ni Y," Zita alimsahihisha.