Kibao cha Baba Mkwe

Kuna watu makazini ambao bibi zao wameshazikwa mara nne, na mara zote nne mjukuu alirudi kazini amenawiri kuliko alivyoondoka. Tunacheka pembeni, tunawapa pole ya nusu mdomo, mambo yanaisha. Uongo wa msiba ni uongo wa nyumbani, kila mtu anaujua, na hakuna anayedai cheti cha kifo. Posta naye alikulia katika uongo huo. Kosa lake ni kwamba aliuvusha bahari, akawapelekea watu ambao ukiwaambia umefiwa, wanaamini.

Jina la Posta alipewa na majirani, kwa sababu kila mara walimwona amebeba maboksi akielekea posta. Ndani ya maboksi mlikuwa na visamaki vya mti, vimepakwa rangi, vimetiwa macho, tumboni vimejazwa madini ya risasi ili vizame kidogo, na chini vinaning'inia ndoana. Ng'ambo kuna watu wanaovua kwa kujifurahisha. Mtu anakirusha kisamaki cha namna hiyo ziwani, anakivuta kwa uzi, na samaki mkubwa anakivamia akidhani amepata chakula. Wengine wala hawavui nacho, wanakitundika ukutani wakitazame.

Mchongaji alikuwa baba mkwe wake, seremala mstaafu aliyehamia kwa bintiye baada ya kufiwa na mkewe. Baraza ya nyuma ndiyo iliyokuwa karakana yake. Kila kisamaki alikiogesha kwenye pipa la maji, akikivuta taratibu, na kikilala upande alikitoa, akakipiga msasa, akakiogesha tena mpaka kiogelee kama kina roho. Posta hakujua hata kushika patasi. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, kuandika kwenye mtandao, kufunga na kutuma. "Mimi nina mikono, mwanangu ana maneno," mzee alipenda kuwaambia majirani. Tangu siku ya kwanza alimwita mwanangu, hajawahi kumwita mkwe.

Maneno hayo hayo ndiyo yaliyomponza. Mzee mmoja wa chama cha wavuvi huko ng'ambo, mteja wa miaka, aliagiza dazeni ya visamaki kwa ajili ya mashindano ya chama chao. Baba mkwe alimaliza mapema. Posta ndiye aliyelisukuma boksi chini ya kitanda akisema kesho, na kesho ya mvivu haina jua. Barua pepe ya kwanza ilikuja na upole, ya pili ilikuja kavu, ya tatu ikauliza kama anataka atangazwe tapeli mbele ya wavuvi wote. Angeweza kujibu: nisamehe, nilizembea. Lakini mtu aliyezoea njia ya mkato haoni barabara hata ikiwa mbele yake. Aliandika: tuvumilieni, tuna msiba mzito, mchongaji wetu ametutoka. Kisha akatoka nje, akamkuta marehemu anapaka rangi, akamsalimia.

Boksi akalituma, akadhani yameisha. Kumbe yule mzee wa ng'ambo aliwaambia wenzake, na wenzake wakawaambia wenzao. Zikaja salamu za rambirambi, na nyuma ya salamu zikaja oda, maana kila mmoja alitaka chochote kilichobaki cha mikono ile. Posta alijiambia atasahihisha wiki ijayo. Wiki ijayo oda zikaongezeka. Badala ya kusahihisha akajibu pole zao: asanteni sana, familia inajikaza. Aliandika hivyo, Mungu amsamehe, huku akinywa chai ambayo mzee mwenyewe alikuwa amemmiminia. Na chama kilipouliza jina kamili la marehemu na mwaka aliozaliwa, akawapa.

"Naona watu wa huko wananipenda siku hizi," mzee alisema akiangalia oda.

"Wanakupenda sana, baba."

Mzee akazidisha kazi. Akawa anaamka kabla ya wote, vumbi likimkaba mpaka anakohoa, hata bintiye akamlazimisha kwenda kupigwa picha ya kifua. Posta ndiye aliyefuata majibu hospitali. Daktari alisema ni vumbi la mbao tu, afunge kitambaa puani. Mzee alifunga kitambaa, akaendelea kuchonga na kumsifu mkwe wake kwa kila apitaye. Kila sifa ilimchoma Posta, lakini haikumchoma vya kutosha kumfungua mdomo. Funika kombe mwanaharamu apite, alijisemea. Ila mwanaharamu wa safari hii hakuwa anapita, alikuwa yeye mwenyewe na alikuwa anaishi humo ndani.

Siku moja alikwenda kununua maboksi mapya. Aliporudi alimkuta baba mkwe barazani, hafanyi kazi. Patasi na nyundo zake zote zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa, kama vyombo vya mtu anayehama. Mapajani alikuwa na kibao cha shaba, kizito, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Kilichorwa samaki, na chini ya samaki paliandikwa maneno ya kigeni, jina lake kamili, mwaka aliozaliwa, kistari, na mwaka huu huu.

"Kaa, mwanangu," alisema mzee. "Mtu wa vifurushi amekileta, kimetoka ng'ambo. Nilidhani ni ndoana ulizoagiza, nikafungua. Maandishi mengine siyajui, lakini jina langu nalijua. Na hesabu ya miaka naijua."

Posta alikaa. Uongo wa aina mbili ulikuwa tayari kwenye ulimi: kwamba ni tuzo, au kwamba wamekosea. Alikuwa anachagua upi utangulie, mzee akamwekea mkono begani.

"Usiogope kuniambia. Ile picha ya kifua. Daktari alikwambia nini?"

"Daktari?"

"Wewe ndiye uliyefuata majibu. Ukaniambia ni vumbi. Nimekaa hapa tangu asubuhi nafikiri. Wewe si mtu wa kuniandika nimekufa bure bure. Mmeambiwa sina siku nyingi, mkanificha nisivunjike moyo, na rafiki zetu huko mkawadokeza. Sikulaumu, mwanangu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Nataka tu nijue nimebakiwa na muda gani, nizungumze na binti yangu vizuri."

Macho yake yalikuwa mekundu. Posta aliyatazama, akaelewa, na aibu ikamshika mwili mzima hadi masikio yakawaka. Ukweli ulikuwa umekaa mapajani mwa mzee, umechongwa kwenye shaba, na bado mzee alikuwa ameuzunguka akitafuta sababu ambayo ingemwacha mkwe wake akiwa mtu mwema. Hakuipata popote ila ndani ya kifua chake mwenyewe. Kati ya kumdhania Posta mwongo na kufa, mzee alikuwa amechagua kufa.

"Baba, huumwi," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Ni vumbi kweli. Daktari alisema vumbi."

"Nimekwambia usinifiche."

"Sikufichi. Niliwadanganya wao. Lile boksi la chama, ulilimaliza mapema, mimi nikalichelewesha. Mteja akakasirika. Nikamwandikia kwamba… kwamba umefariki."

Mzee alimtazama kana kwamba anasikiliza redio yenye mikwaruzo. "Kwa hiyo sifi?"

"Hufi, baba."

Kicheko kikamtoka mzee, kikubwa, kikageuka kikohozi, akajifuta machozi kwa kile kitambaa cha puani. "Hufi, anasema! Na mimi nimeshafunga vyombo!" Posta naye akajikuta anatabasamu, na hilo tabasamu ndilo analolijutia kuliko yote, kwa maana mzee aliliona. Kicheko kikakatika.

"Kwa boksi moja tu?"

"Kwa boksi moja, baba."

"Na hizi oda zote, ulizoniambia wananipenda?"

"Walidhani ni visamaki vyako vya mwisho."

Mzee aligeuka kuvitazama visamaki vilivyotundikwa kwenye kamba vikauke, safu nzima, vyekundu na vya kijani, kazi ya siku zake za kuamka alfajiri. "Kumbe walikuwa wanakuja mazishini," alisema. Heri angepiga kelele. Heri angeshika hata ile nyundo. Posta alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya baraza ilikuwa ya saruji, na mzee alikuwa ameipiga mwenyewe, haikuwa na ufa.

"Lete kompyuta yako hapa. Waandikie."

"Nitawaandikia, baba. Nitawaambia kulikuwa na kutoelewana—"

"Waambie ulichofanya. Waandikie kwa lugha yao, na kila ukimaliza mstari unisomee kwa yetu." Lile neno mwanangu hakulitia.

Posta akaandika. Aliandika kwamba mchongaji ni mzima, akasoma. Aliandika kwamba uzembe ulikuwa wake, akasoma. Aliandika kwamba wote walioagiza kwa sababu ya msiba wanaweza kurudisha mzigo, akasoma, na mzee akatikisa kichwa kukubali. Alipofika kwenye kuomba radhi, mlango wa mbele ulifunguka. Mkewe alikuwa amerudi kutoka kazini, duka la dawa, viatu mkononi. Hakujua lolote. Alikuja moja kwa moja barazani, akamwamkia baba yake, macho yakatua kwenye kibao. Alikiinua. Alilisoma jina, akasoma miaka, akaurudia ule mwaka wa pili kwa kidole.

"Baba, hiki ni nini?"

Posta aliinamia kompyuta, akaendelea kusoma mstari wake kwa sauti ya chini, ya chini kabisa, ya mtu anayesali.

"Simama hapo," baba mkwe akamwambia Posta. "Anza tena kutoka mwanzo, na usome kwa sauti. Huyu ndiye mfiwa."

Mkewe alikuwa bado ameshika kibao kwa mikono miwili. Posta akaanza kutoka mwanzo.